Neno la kumwandikia Mama

Leo neno moja la Kiingereza limenyamazisha nyumba yetu yote.

Tulikuwa hapa nyumbani Tetu tukiandika eulogy ya Mama, ile habari ya maisha yake ya kusomwa mazishini. Tunamzika Alhamisi.

Ndugu yangu Mwangi ndiye alikuwa anachapa kwa simu. Akatusomea: "Mum never had a job."

Baba akasema, "Toa hiyo. Mama yenu alifanya kazi."

Mwangi akamweleza polepole kwamba job ni ile ya kuajiriwa. Kazi ya shamba inaitwa work.

"Basi andika work."

Mimi nikaona work ni neno dogo. Kila mtu anafanya work. Mama alikuwa anashuka kuchuma majani chai kabla hatujaamka, mtoto akiwa mgongoni. Nikapendekeza toiled.

"Hiyo inamaanisha nini?" Baba akauliza.

"Ni kufanya kazi ngumu ya kuchosha, miaka na miaka."

"Hapana. Watu watasema aliteseka kwangu."

Tata Wangari, dadake Mama, alikuwa anakata mboga ya sukuma wiki pembeni. Akasema bila kuinua macho, "Na si aliteseka?"

Mwangi akaacha kuchapa.

Baba akavua kofia yake. Mwishowe akamwambia Mwangi, "Andika hiyo ya dada yako."

Kisha akachukua ndoo, akaenda kukamua. Sijawahi kumwona akikamua maisha yangu yote. Ng'ombe hajamzoea, amezoea mikono ya Mama. Kutoka hapa tunamsikia akimbembeleza.

Nyinyi mliozika mama zenu, mliandika neno gani?