Mwalimu wa Katuni na Wasifu wa Isidori

Kuhusu katuni mimi huniambii kitu. Naitwa Asnath, kwetu Same, Upareni, na hapa Kihagara, kando ya ziwa, nafundisha darasa la nne tangu serikali iliponileta nikiwa bado binti. Watu wa huku ufukweni wananiita Mwalimu wa Katuni. Wanadhani wananitania. Wanitanie! Mtumishi mzima ana sanduku la bati limejaa vitabu vya picha vya majamaa wanaoruka angani na kunyanyua malori, na kila jioni anakaa barazani anavisoma kwa unyenyekevu wote. Ndiye mimi huyo, na sioni haya hata chembe.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori, njia ya Nairobi. Kila safari aliniletea vya mitumba, majalada yamechanika, vingine havina mwisho. Kiingereza sikukijua, nikawa nasoma picha. Ndiyo maana hadi leo anayetaka kubishana nami aje amejipanga. Watu wanafikiri utamu wa vitabu vile ni ngumi. Ngumi gani bwana! Ngumi ni za kuuzia jalada. Mtu asiyepigika anachosha ukurasa wa pili tu. Mimi namsubiri steringi, yule shujaa mwenyewe, siku anayochelewa, anafika nyumba imeshateketea, anasimama na nguvu zake zote na hana pa kuzipeleka. Hapo ndipo unapojua kama huyu aliyeandika ni mwandishi au mbabaishaji.

Hapa Kihagara aliyenielewa katika hilo alikuwa mtu mmoja tu, jirani yangu Isidori, fundi wa kushona nyavu. Wavuvi walimletea nyavu zilizochanika, wakaziacha mlangoni, wakaondoka. Hakuna aliyekaa hata kunywa maji. Nilipohamia nilidhani jamaa ana ugonjwa wa kuambukiza. Nikauliza, nikaambiwa huyo ni mwoga. Enzi za ujana wake alikuwa anarudi na kaka yake Joakim kutoka Ngumbo, mtumbwi umejaa magunia ya mahindi, upepo ukaupindua. Isidori akaogelea, akafika nchi kavu, akakaa chini. Joakim akabaki ameng'ang'ania mtumbwi mpaka akazama. "Alikaa chini, Mwalimu!" Wote walinisimulia hivyo, kwa maneno yaleyale, na kila niliyemuuliza alikuwa amesikia kwa mwingine.

Basi kila jioni Isidori alikuja barazani kwangu na nyavu zake, anashona, mimi namfasiria picha. Kwenye ngumi alikuwa anapiga miayo. Tukifika pale steringi anapochelewa, ananirudisha.

"Hebu rudi nyuma, Mwalimu. Hapa kati ya picha hii na hii kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni nafasi nyeupe. Msomaji anajaza mwenyewe."

Akacheka. "Basi wasomaji ni watu wabaya."

Nilimpenda yule mzee kwa jibu hilo. Mimi nilikuwa nimesoma tangu utotoni na sikuwahi kuwaza hivyo.

Mwaka huu, mvua za mwisho, nimonia ikamchukua. Mkewe Vitalia alikuja kwangu asubuhi ile ile, macho makavu.

"Mwalimu, wasifu utauandika wewe, na wewe ndiye utakayeusoma."

"Nitaandika, dada yangu."

"Na ile siku ya ziwani usiiruke. Ukiiruka, kila mtu ataisimulia kichwani mwake, na unajua watasimuliaje." Akaketi barazani. "Mtu wa ufukweni hubebwa na wavuvi. Mzee Wendelin ameshatuma neno kwamba wao hawatanyanyua, eti vijana wa kwaya wanatosha. Wanaume aliowashonea nyavu maisha yake yote! Sitaki mume wangu aende kaburini kama mzigo uliookotwa."

Mzee Wendelin ndiye mwenyekiti wa wavuvi, na akisema hapana, hakuna wa kunyanyua. Nikamwambia Vitalia atulie, kazi hiyo aniachie mimi. Ndivyo nilivyo, naahidi kwanza, kufikiri baadaye.

Katekista Augustino alinikuta naandika. "Mwalimu, andika ya kawaida. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, ugonjwa. Mambo ya ziwani yaache."

"Katekista," nikamjibu kwa adabu, japo adabu yenyewe ilikuwa ya juu juu, "wasifu wa namna hiyo ni kadi ya kliniki."

Nikaenda kwa mama mzazi wa marehemu, Bibi Gaudiosa, aliyekuwa amekaa peke yake nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, bibi. Pole sana."

"Marahaba."

"Nimekuja kuuliza habari za siku ile mtumbwi ulipopinduka."

"Andika alifika. Basi." Akageuza uso. Halafu, kama anayejisemea, akaongeza: "Alitoka majini anatetemeka, meno yanagongana."

Kijiji kizima kilikuwa kimenihakikishia kwamba Isidori alitokea kwenye ufukwe mtupu, hakuna aliyemwona. Huyu alikuwa amemwona. Nikamwomba anieleze zaidi, akaniambia nimwache, mihogo yake inaungua, na jikoni kwake hakukuwa na moto. Hasira zilinipanda, siwafichi. Lakini utampandishia sauti mama aliyefiwa? Nikarudi nyumbani, nikakaa na sanduku langu, nikajiuliza mchoraji hodari angefanya nini. Mchoraji hodari haelezi. Anakuwekea picha mbili, ya tatu unaichora mwenyewe, na ukishaichora huwezi kuikana.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Jeneza lilikuwa juu ya viti viwili, vijana wa kwaya wamesimama tayari pembeni yake. Wavuvi walikuwa wamekaa kule kwenye ua, mikono wamekunja, wamekuja kwa sababu kutokuja ni aibu. Vitalia alikuwa mkekani karibu na mkwewe. Nikaanza kusoma. Kuzaliwa na ubatizo nilivipita haraka, nikaona Katekista anaitikia kwa kichwa, amefurahi. Kisha nikasoma hivi:

"Wakiwa wanatoka Ngumbo, mtumbwi ulipinduka. Isidori aliogelea hadi nchi kavu. Mama yake alikuwa amesimama pale."

Nikaacha hapo.

Katekista akakohoa. Akakohoa tena. Mzee Wendelin akainua kichwa. "Mama yake?"

Sikumjibu. Msidhani ni rahisi kunyamaza mbele ya kijiji kizima. Lakini nilijua ninachofanya, na nisingesoma neno lingine hata wangenifukuza.

"Nilikuwepo," akasema Bibi Gaudiosa.

Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakasogea.

"Nilikuwa naloweka mihogo kule kwenye mawe. Alitoka majini, akamwona kaka yake bado anaelea, akageuka kurudi. Nikamshika shati. Akanivuta, tukaanguka wote, hakuwa na nguvu tena. Nikamkalia. Nilimkalia mwanangu mgongoni, analia ananiambia niache mama, niache, na mimi sikumwacha mpaka Joakim hakuonekana tena." Akafuta mdomo kwa kanga. "Asubuhi nilikuwa na wana wawili. Nilitaka jioni nibaki na mmoja."

Akakunja pindo la kanga, akaendelea.

"Watu walipokuja wakamkuta amekaa. Akaninong'oneza, mama, usiseme kitu, wakijua ulinizuia, wakwe wa Joakim hawatakuacha salama. Nikanyamaza. Nikasema nitasema kesho. Kila siku nikasema kesho."

Mimi nimesoma vitabu vile tangu siwezi kuandika jina langu. Ndani yake kila anayeficha uso anauficha ili watu wake wasidhurike, na kila mara nimeona ni jambo la kubuni tu, la kunogesha hadithi. Isidori hakuwa na barakoa. Alijifunika jina la mwoga, akakaa nalo mlangoni kwake, mchana kweupe, anashona nyavu za wanaomtukana. Na jioni anakuja kwangu kuniuliza kuna nini kati ya picha na picha! Nililia pale pale, karatasi mkononi, na sikujali nani ananiona.

Mzee Wendelin alisimama. Akavua kofia, akawapita watu wote hadi kwenye jeneza, akawaambia vijana wa kwaya, "Pisheni." Nyuma yake wavuvi wakaja wote kwa pamoja, wengine wanasukumana wapate pa kushika, mpaka Katekista akawaambia taratibu, jamani, mtaliangusha.

Nikamtazama Vitalia. Nilitaka aone kwamba nimetimiza. Hakuwa anaangalia jeneza kabisa. Alikuwa amemgeukia mkwewe.

"Na mimi, mama?" akasema. "Mimi mkewe, niliyelala naye miaka yote, usiku anapiga kelele ndotoni. Hata mimi?"

Jeneza lilikuwa limeshaanza kwenda. Vitalia akasimama, akajifunga kanga vizuri, akamwinamia mkwewe.

"Inuka. Twende tukamzike."

Akamshika mkono, akaubana kwa nguvu kuliko inavyohitajika kumwinua mzee, na hakuuachia mpaka makaburini.