Papa hakushukaka mu shimo

Papa yangu aliandika mashairi ya shimo ya zahabu miaka mingi, na hakushukaka mu shimo hata siku moja. Ninalisema mapema juu kuna siku nililisema vibaya, mbele ya watu, na papa akanyamaza miaka mbili.

Alikuwa mutu wa balansi, ile mizani ya kupimia zahabu. Kule juu, kaskazini ya Bunia, mu muji ya wachimbaji, kulikuwa nyumba ndogo ya kununulia zahabu. Papa alikaa nyuma ya dirisha yake na kupima ile vumbi ya njano: zahabu upande huu, vijiti vya kiberiti upande ule. Mama na siye watoto tulikaa hapa Shari, mu Bunia. Alikuwa anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na kaye ya shule, daftari yake ya mashairi, mu mufuko ya koti.

Siku ya Mungu, kisha misa, majirani walikuwa wanajaa mu lupango yetu, ile kiwanja ya mbele ya nyumba. Papa anavaa miwani, anafungua kaye, anasoma. Shairi zake zote zilianza namna moja: “Nilishuka.” Nilishuka na tochi. Nilishuka na njaa. Nilishuka, kamba ikalia. Mama yangu alikuwa anafuta machozi na kitenge, na miye nilikuwa ninaenda kulala na woga. Kila magaribi nilimuomba Bikira Maria asiache udongo umufunike papa. Miaka yangu yote ya utoto niliomba vile, bila kukosa hata siku moja. Mutu mwenye kuomba vile, siku anajua kama papa yake alikuwa anakaa ku kiti, hasira yake iko na mizizi.

Nilijua ile nikiwa na miaka makumi mbili. Mama alinituma nimupelekee papa dawa ya goti, nikakaa kule juma moja. Eh! Papa ya mashairi, nilimukuta na shati ya kupigwa pasi, viatu nyeusi yenye kung’aa, mbele ya dirisha. Kutoka asubuhi mpaka magaribi hakusogea. Wachimbaji walikuwa wanasimama mu mustari murefu, matope mpaka ku nyusi, na yeye hana haraka. Kila mutu alimushika pale muda murefu, anamuuliza: “Leo kule chini ilikuwa namna gani?” Yule anajibu, papa anatikisa kichwa, anauliza tena. Nilijiambia, masolo ya wazee hiyo, kuongea tu, hata zahabu inamushinda kupima mbio. Na shimo? Hakuiangalia hata kwa mbali.

Nilirudi Bunia na hasira. Wenye kunijua wanajua, miye sina kinywa ya kufunga. Ulimi hauna mufupa, na wa kwangu hauna hata breki. Siku ya Mungu yenye ilifuata papa alikuja, lupango ikajaa, akavaa miwani. “Nilishuka…” Hakumaliza.

“Papa, ulishuka siku gani?” nilimukata. “Na hii viatu? Miye nilikuona! Shimo yako ni ile kiti.”

Watu walicheka. Si kicheko ya ubaya, kile tu mutu anachekaka kama mutoto amemushinda muzee. Papa aliangalia viatu yake. Kisha alifunga kaye, akaiweka juu ya kabati, akaniomba chai. Nilimuletea. Akanywa yote, akasema “asante mama”, vile alikuwa ananiitaka, sawa kawaida. Ingekuwa heri anipige.

Kutoka ile siku, hapana shairi. Goti ilimushinda, akaacha kazi, akarudi Shari mazima. Alikuwa anakaa mu lupango na mikono juu ya mapaja. Nilimununulia kaye mupya na biki mbili za kuandikia, nikaweka ku meza bila kusema neno, juu kuomba musamaha pia ilinishinda. Ziliota vumbi. Majirani waliacha kukuja. Mama hakunigombeza, lakini siku moja, akichambua majani ya sombe, alisema tu: “Nyumba imekuwa kimya, eh?” Nilijua anasema na nani. Usiku na mchana nilitaka kitu kimoja: papa afungue ile kaye tena. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini weye jaribu kuniambia nisiyatafute.

Kisha shimo moja kule juu ilianguka na watu ndani. Mumoja wao alikuwa wa huku Shari, zamani mutu ya kuendesha pikipiki, mbele aende kuchimba. Walimuleta, wakamuzika. Kesho yake bibi yake alifika kwetu, kitenge imefungwa mu kiuno, macho imevimba. Hakukubali kiti, alikaa ku mukeka.

“Papa, mume wangu alikuwa anasema shairi zako kwa kichwa. Kuja ku kilio utusomee.”

“Mama, pole sana,” papa alisema. “Lakini pale watakuwa wale wenye kushuka. Miye ni mutu wa balansi. Binti yangu alisema ukweli.”

Nilikuwa pale pale na sinia ya chai. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

“Sikukuuliza kama ulishuka, papa,” yule mama alijibu. “Ninakuomba usome.”

Papa alishusha ile kaye ya zamani ku kabati, na saa nane tulienda na mama, kwa miguu, papa anategemea bega yangu. Bashi ya kivuli ilikuwa imefungwa ku miti, viti vya plastiki vimejaa, wamama wanasonga bugari nyuma ya nyumba. Wachimbaji walikaa mustari moja, mashati safi, kucha bado njano. Papa aliwaona, na nilisikia bega yangu imekuwa nzito.

Alisimama. Akavaa miwani.

“Bandugu, mbele nisome, mujue. Kila mahali nimeandika ‘nilishuka’, ni uongo. Miye sikushukaka.”

Hata wamama wa bugari waliacha miko. Kisha muchimbaji mumoja, muzee, mwenye vidole tatu tu ku mukono ya kushoto, alisimama.

“Papa, unazani hatujui? Miaka kumi tuliona viatu yako!”

Watu walicheka mu kilio, kisha wakajikamata. Yeye hakucheka.

“Mwenye shimo alikuwa anatuuliza gramu tu. Bibi zetu, hatuwaambiaka, wasilale na woga. Weye peke yako njo ulikuwa unauliza kule chini ilikuwa namna gani. Kulikuwa madirisha mingine, papa, yenye kupima mbio. Tulikuwa tunasimama ku yako. Ile maneno ni yetu. Ya huyu tumezika pia iko ndani. Soma.”

Papa alisoma. Sauti ilianza mbovu, kisha ikanyooka:

Nilishuka na tochi, giza ikanipokea sawa mugeni.
Kule chini inanuka nguo yenye kukosa jua.
Nikipanda, bibi, usinifulie shati leo,
acha tulale na hii harufu: inasema nilirudi.

“Rudilia pale,” yule mama alisema. “Pale pa shati.”

Papa alirudilia. Yule mama alishika kichwa na mikono mbili.

“Kumbe! Kila mara anarudi, ananiambia: shati acha mpaka kesho. Nilimufokea, mama ee! Nilimuita muchafu. Hakuniambia sababu. Na jana,” alisema, “nimefua nguo zake zote.”

Mamangu alienda akakaa naye ku mukeka, akamushika tu. Miye nilisimama nyuma ya kiti ya papa na nililia juu ya yule mama, na juu yangu, wala sikuona haya.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ninafagia lupango. Papa alitoka na miwani, na ile kaye mupya chini ya kwapa. Alipangusa vumbi yake na mukono ya koti. Nilishika fagio bila kutikisika, sawa mutu mwenye kuona ndege karibu.

“Mama, kuja ukae,” aliniita.

Nilikaa. Alifungua ukurasa ya kwanza, akajaribu biki ku kidole, akaniangalia vile alikuwa anawaangalia wale wa matope.

“Ile Siku ya Mungu uliniambia ile maneno. Kule ndani yako ilikuwa namna gani?”

Hakuwa na haraka. Alingojea mpaka kinywa yangu, ile yenye haina breki, ipate pa kuanzia. Nikamuambia juu ya mutoto mwenye kuomba kila magaribi, na papa akaandika: “Nilishuka.”