Mbuzi Ambao Serikali Ilimpa Kavindu

Bima ya afya nchi hii ilianza na watu wa mshahara, na Kavindu wa Matinyani mshahara ameuona ukipita tu, kwenye mfuko wa mwalimu mkuu. Yeye husuka viondo. Baadaye wanasiasa wakatukumbuka: bima ikapewa jina jipya, sisi tukapiga makofi, na ugonjwa ukabaki na jina lake la zamani. Kavindu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mtu wa kusuka asipoona, jamani, atakula nini?

Bima ya juzi ndiyo ilikuja na maarifa: maskini alipe kidogo, tajiri azidishe. Mhudumu wa afya angepita nyumba kwa nyumba na simu, akiuliza paa ni la nini, unapikia nini, una mifugo mingapi, halafu simu iamue wewe ni nani.

Sasa sisi Wakamba hatumwonyeshi mgeni boma tupu. Hata wakija watu wa kuposa, jirani anakuazima mbuzi wajaze zizi. Kavindu aliposikia mgeni wa serikali yuaja, akamwendea Mwau, jirani yake anayeuza mifugo. Mwau ni mkono wa birika tangu azaliwe, lakini siku hiyo alitoa mbuzi wote bila kubembelezwa. Tukadhani ameokoka.

Mhudumu alipouliza mbuzi ni wa nani, Kavindu akasema kwa maringo kwamba ni wake, tena hao ni waliobaki tu. Kwa Mwau mhudumu alikuta zizi tupu, na mwenyewe amevaa shati lililochanika, anasikitika.

Mgeni alipoondoka, mbuzi wakarudi kwa Mwau, na simu ikaamua: Mwau fukara, Kavindu tajiri, na alipe bima ya mwaka mzima kwanza ndipo jicho liguswe. Hasira ilinishika mimi, jirani tu! Kavindu alipoenda kulalamika, akaambiwa mfumo haukosei.

Basi hakubishana na mfumo. Siku ya soko alipapasa njia hadi kwa Mwau, akafungua zizi, akatoa mabeberu wawili wanono. Mwau akatoka mbio akiuliza anapeleka wapi mbuzi wake.

"Wako, Baba Muthoki?" Kavindu akamwuliza. "Serikali inasema ni wangu, na wewe uliiambia huna hata mmoja. Twende kwa chifu basi, ukaseme tulidanganya."

Mwau akamfungulia lango mwenyewe. Siku hizi Kavindu anasuka tena, na akiketi mlangoni pake anawaona vizuri kabisa mbuzi wake waliobaki kwa Mwau.