Mkono Juu ya Kichwa cha Mdogo Wangu

Kwetu msichana haolewi kabla mzee wa nyumbani hajamwekea mkono kichwani na kumwombea. Wazazi wetu walikufa nikiwa darasa la saba. Niliacha shule nikalea wadogo zangu, na wajomba hawakuonekana tena. Kwa hiyo mdogo wangu alipokaribia kuolewa, nilimwomba mzee ninayemtunza hapa Silicon Oasis, katika nchi ya Waarabu, Mmarekani mzungu aliyepita miaka themanini. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimnyoa. Nilikuwa nimeanza kumwona kama baba.

Nilimpigia mdogo wangu simu ya video. Mzee aliweka kiganja kwenye kioo, pale kichwa cha mdogo wangu kilipoonekana, akaomba polepole.

"Kumbe hata wazungu wana baraka, dada!" alisema, akicheka na kulia.

Haikupita muda waandishi wa habari wakaanza kupiga simu, wakiuliza habari za zamani za mzee. Madam, binti wa mzee, aliniita jikoni.

"Utasikia tu. Bora nikwambie mwenyewe."

Zamani kwao, watu weusi walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, nyumba ya familia moja ya weusi ilichomwa moto. Walikufa baba na mtoto. Polisi walimshuku mzee na wenzake, lakini hakushtakiwa.

"Khalas, yamekwisha, ni mambo ya kale," alisema, akaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

Nilirudi kumnyoa mzee.

"Sir, ulikuwepo kwenye ile nyumba?"

"Hawakunishtaki," alijibu, akainua kidevu ili nimalizie shingo.

Nikamalizia. Yeye hakuona haya hata kidogo. Aibu yote ilinishika mimi, niliyeutafuta mkono ule na kuuweka juu ya kichwa cha mtoto niliyemlea. Ningeweza kunyamaza, harusi ilikuwa keshokutwa. Niliingia chumbani kwangu nikampigia mdogo wangu tena kwa video, nikamwambia yote.

"Dada, si afadhali ungemwomba yule jirani yetu mlevi?"

"Sikujua."

"Hukuuliza. Uliona mvi tu." Kisha, "Na kesho utamwogesha?"

"Nitamwogesha. Kitinda mimba wetu bado yuko chuoni."

"Basi mwogeshe. Lakini mimi unirudishie kichwa changu. Niombee wewe."

"Mimi si mzee."

"Ni nani mwingine aliyetulea?"

Aliinamisha kichwa. Niliweka kiganja kwenye kioo, nikaanza kuomba. Mkono wangu ulikuwa bado unanukia sabuni ya mzee ya kunyolea.