Siku Tulipowacheka Watumwa

Harufu ya petroli ikichanganyika na vumbi la pamba bado hunirudisha kwenye kibanda cha video cha baba yangu, pale Bariadi, miaka ile soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kushindana na ushirika. Baba aliuza pamba ya msimu mmoja mzuri, akanunua jenereta, televisheni na deki. Jumapili baada ya ibada, Wakatoliki na Waprotestanti walikutana humo bila ugomvi, wamekaa juu ya magunia. Baba alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akitafsiri kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomwishia, kwa Kisukuma. Kiingereza chenyewe alikijua nusu. Nusu nyingine alijitungia, na watu walimpendea hiyo.

Nilikuwa darasa la saba ilipokuja kanda ya watumwa wa Marekani. Msimamizi Mzungu aliwachapa watu shambani, nao walikuwa wakichuma pamba, kazi tuliyoijua mpaka kwenye kucha. Kila alipowatukana kwa rangi yao, baba alitamka neno la nyumbani: nsese, yaani mtumwa. Alilitamka kwa sauti ya utani, kama mtu anavyomchokoza mtani wake msibani, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Sisi tuliolelewa kwenye utani tulidhani hakuna tusi lisilosameheka likisemwa kwa kucheka. Nami nilicheka mpaka machozi, sifichi.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Kabula, jirani yetu, aliyelelewa na bibi yake. Darasani alikuwa wa kwanza daima, mimi wa pili, na jambo hilo lilinichoma kuliko nilivyokiri. Shangazi yangu aliwahi kuteleza akaniambia kwamba mama wa bibi huyo aliletwa kwetu akiwa mtoto, wakati wa njaa, babu wa baba yangu akatoa mtama kumpata. Baadaye alipewa jina la ukoo wetu, ikawa mwiko kulitaja jambo hilo, na atakayelitaja alipe mbuzi. Sikuielewa habari hiyo mpaka filamu iliponipa neno lake. Jumatatu, kwenye foleni ya bomba la shule, Kabula alikataa kunipisha. Nikamwita nsese mbele ya wote, kwa sauti ile ile ya baba. Wenzetu wakacheka, wakalidaka, na kufikia Ijumaa hakuwa na jina lingine. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi sikujikwaa. Nililitupa nikijua linakokwenda.

Jumapili iliyofuata, kanda ile ile ikirudiwa, bibi yake Kabula aliingia kibandani mchana kweupe. "Mwadila, baba," alimsalimu baba yangu. "Nimekuja kuwaona hao watu mnaowacheka."

Akaketi mbele kabisa. Msimamizi alipoanza kutukana, baba alishusha kipaza sauti. Watu wakaanza kunung'unika kwamba wamelipa kiingilio. Bibi akasema bila kugeuka, "Tafsiri, baba. Mwanao ameshaturushia hilo neno, nami nataka kulisikia kwako." Baba akaenda kuzima jenereta. Kesho yake alipeleka mbuzi, nami nikiwa nyuma yake nimeinamisha kichwa. Bibi alimpokea mbuzi kwa mikono miwili, akasema kwamba mila imetimia, ila Kabula harudi shule. Alimpeleka Bukundi kwa mjomba wake, akachunge ng'ombe, muhula mmoja kabla ya mtihani. Nafasi ya kwanza nikaichukua mimi, na ndiyo iliyonipeleka sekondari.

Leo nafundisha historia. Wanafunzi wangu hubishana juu ya filamu za utumwa: wengine wanataka matusi yafutwe kwa sababu yanatonesha kidonda, wengine wanasema ukiyafuta umewafichia aibu waliotukana. Hunigeukia mimi niamue, na kusema kweli nimechoka, kwa maana pande zote mbili zina haki na zote zinamzungumzia Mzungu wa kwenye filamu, kama sisi tulivyofanya kibandani. Hakuna anayeuliza ni babu wa nani aliyetoa mtama. Mimi ninayejua nimesimama mbele yao miaka yote hii na sijawaambia.

Mwaka jana nilimkuta Kabula gulioni Mwanhuzi, anauza samli. Alikuwa na mvi kama mimi. Tumezaliwa msimu mmoja, na mama yangu na bibi yake walituogesha kwenye beseni moja. Nilikuwa nimeiandaa samahani yangu kwa miaka, maneno yote yamepangwa. Alinitambua kabla sijafungua kinywa, akapiga magoti kidogo, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nami, kwa mazoea tu, nikaitikia marahaba.