Kitalu cha Mama Kando ya Mto

Samadi ya mbuzi ikishapoa haina harufu mbaya, hata kama watoto wa mjini wanaziba pua. Hunukia udongo uliolala muda mrefu kisha ukaamshwa na mvua, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Moshi, si kahawa kama wanavyopenda kuandika kwenye matangazo ya watalii. Ilinipokea kila siku nilipotoka shule, pale barabara inapoteremka kutoka katikati ya mji kuelekea Mto Rau. Mama yangu alikuwa na kitalu cha miche ukingoni: mibuni, migrevilea ya kutilia mibuni kivuli, miparachichi, na maua machache kwa ajili ya wake za wakubwa. Kazi yangu ilikuwa kujaza viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki ya kuoteshea miche, kwa udongo uliochanganywa na samadi. Kucha zangu zilikuwa nyeusi mwaka mzima. Mwalimu wangu wa darasa la tano alinichapa kwa sababu hiyo, nami sikuwahi kumwambia kwamba sare aliyokuwa akinichapia juu yake ilinunuliwa na weusi uleule.

Sitaki kudanganya kwamba ukingo ule ulikuwa bustani ya Edeni. Nimechoka na watu wanaokumbuka kila kitu cha zamani kama asali. Kulikuwa na matope, mbu, na takataka za mji mzima zilizoteremka na maji kila mvua iliponyesha. Lakini palikuwa mahali pa watu wenye kazi. Jirani yetu alikuwa Bi Zuhura, mfua mazulia, mwanamke wa mjini ambaye babu yake alikuja na reli kutoka Tanga na hakurudi. Juu kidogo, karibu na daraja, walikaa akina mama walioshuka na ndizi kutoka Mwika na Kirua. Wote walihitaji njia ya watu, na Bi Zuhura alihitaji maji ya kufulia, lakini mama ndiye aliyeuhitaji mto kuliko wote. Mche mchanga hauna subira. Katika miezi ya joto kabla ya masika hunywa asubuhi na jioni, na ukiukosesha siku mbili unakunja majani na kukuaga. Kila mkulima wa mlimani alitaka miche yake iwe tayari mvua za kwanza zinapoanguka. Kwa hiyo mama akikosa maji katika miezi ile, mwaka wetu mzima ulikuwa umekwisha, na sisi tulikuwa tumebaki naye peke yake tangu baba alipofariki.

Ilikuwa katika miezi hiyohiyo ya joto kibao cha mradi wa kuujenga upya ukingo kiliposimikwa. Kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yetu ya kupanga kule mtaa wa Rau, na kilichorwa mto wetu ukiwa wa buluu, rangi ambayo haujawahi kuwa nayo. Kando yake palikuwa na njia ya kutembelea, migahawa, taa za nguzo, na watu wamevaa nguo nyeupe wakisukuma vigari vya watoto. Nilisimama mbele yake jua la saa saba nikimtafuta mama katika picha ile. Nilimtafuta kwa bidii kweli, maana nilidhani wachoraji wangewaweka waliokuwepo. Bi Zuhura alinikuta pale, akaniuliza natafuta nini, nilipomwambia akacheka mpaka akakaa kwenye rundo la mazulia. Hakuwa akinicheka mimi, lakini sikulijua hilo wakati ule.

Mradi ulikuwa na mtu wake, na sisi tulimwita Bwana Ramani kwa sababu hakuonekana bila karatasi ndefu zilizoviringishwa kwapani. Alikuwa mtu wa Machame, Mchagga mwenzetu wa upande mwingine wa mlima. Watu wa Mwika tuna maneno yetu kuhusu Wamachame, nao wana yao kuhusu sisi, yangu nitayameza. Alikuwa na adabu, hilo nampa. Aliwaamkia wazee, aliinama akisalimia, na alijua jina la kila mtu. Mradi ulitaka wote waondoke ukingoni, lakini akina mama wa mtoni walikwisha kukubaliana kwamba hawatahama mpaka waonyeshwe mahali pengine penye maji na njia, na walimchagua mama, Mama Aika kama walivyomwita, awe msemaji wao. Mama alikuwa mwembamba na mpole, lakini akishashika neno hakuachia. Kwa wiki kadhaa Bwana Ramani alikuja na maneno matamu, akarudi nayo yaleyale.

Kisha siku moja greda la mradi likapita kando ya kitalu na kupanda juu ya tuta la mibuni. Dereva aliapa kwamba usukani ulimponyoka. Tulikuta viriba vimepasuka, mizizi myeupe iko juani, na mama akaokota mche mmoja mmoja. Nilitamani atukane, hata kidogo tu, ili na mimi nipate ruhusa.

Jumapili iliyofuata, tukiwa tumetoka ibadani, Bwana Ramani alibisha hodi nyumbani. Safari hii hakuwa na karatasi. Alikuwa ameshika jani la sale kwa mikono miwili, limefungwa fundo. Kwa asiyetoka mlimani, sale ni mmea tu wenye majani marefu ya kijani, tunaoupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa. Lakini kwetu mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, amekwisha kujishusha mpaka chini kabisa, na wewe huna njia ila kusamehe. Ndugu walioapa kutozikana wamepatana kwa jani hilo. Anayelikataa anajitafutia balaa, yeye na watoto wake. Bwana Ramani alisema kwa Kichagga maneno machache: "Mama, tumekukosea. Naomba unisamehe." Hakutaja mibuni wala greda. Mama alifuta mikono kwenye khanga, akalipokea jani, akamkaribisha chai. Alipoondoka, mama aliimba akiosha vikombe, na mimi nilifurahi kwamba mtu mkubwa vile amekuja kutuangukia kwa ajili ya miche.

Mkutano ulifanyika palepale mtoni siku chache baadaye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema mtu aliyefungua kikao, na wenyeji tulipiga makofi. Watu wa mradi wakaeleza faida zake, wakatuonya kwamba mkataa pema pabaya panamwita, kisha wakauliza kama kuna mwenye neno. Mama alisimama. Nilikuwa nimeshika pindo la khanga yake na nilimsikia akivuta pumzi. Kabla hajasema, Bwana Ramani aliinua mkono kwa upole, kama mtu anayezuia mgeni asijisumbue. "Mama Aika na mimi tulishamaliza," alisema. "Nilimpelekea sale nyumbani kwake, akalipokea. Au nasema uongo, mama?"

Kila mwanamke wa mlimani alimtazama mama, na kila mmoja alijua kisichowezekana tena. Angesema nini? Kwamba alisamehe miche lakini si ardhi? Msamaha wa sale haupimwi kwa kibaba, ukishapokea, umepokea. "Ni kweli," mama alisema, "nililipokea." Kisha akakaa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka mikono mapajani, na wenzake wote wakainamisha macho. Ni Bi Zuhura peke yake aliyepiga kelele: "Jani, Mama Aika! Jani la kwenye uzio! Simama useme!" Mama hakuinuka. Mkutano ulikwisha kabla jua halijapanda sawasawa.

Kitalu tulikihamishia uani kwetu, mahali ambapo bomba lilitoa maji lilipojisikia. Miche ilikunja majani safu kwa safu. Masika yalipofika, wakulima walishuka kama kawaida, wakakuta viriba vya vijiti vikavu, wakampa mama pole na kwenda kununua kwingine. Mwaka uliofuata alirudi Mwika kulima kihamba cha bibi, nami nikaachwa kwa shangazi mjini ili nisome. Na hao waliokuwa na haraka kiasi hicho walifanya nini? Walizungushia ukingo mabati, wakaondoka. Ulikaa vile mpaka nikamaliza shule, nikaolewa, nikazaa. Nyasi zilimeza mabati, na kwenye kibao jua liliwala watu wote wa nguo nyeupe. Kila nilipopita pale nilipandwa na hasira mpya. Kama wangejenga kesho yake, labda ningesema tulipisha maendeleo. Tulipisha nyasi.

Sasa wamejenga. Na niseme ukweli, ni pazuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Njia imetandikwa vitofali vya rangi, taa zinawaka jioni, vijana wanapiga picha na kunywa kahawa ya mlimani kwa bei ambayo mkulima wake angedhani ni mzaha. Mji unakua, maghorofa yanapanda, na mimi si mpumbavu wa kutaka turudi kwenye matope. Wanangu wanapapenda. Lakini ninapokaa pale kahawa yangu haishuki vizuri, maana najua mji huu ungeweza kuwa na njia hiyo na kitalu pia, na hakuna aliyejaribu. Nimegombana na mama kwa ajili hii miaka nenda rudi. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba alidanganywa. Hunijibu vilevile siku zote: "Ulitaka nimrudishie sale?" Nami humwambia ndiyo, ningelirudisha, ningelirusha mtoni, naye hunitazama kama mtoto wa mtu mwingine.

Mwezi uliopita waliita mkutano wa awamu ya pili. Safari hii njia itapanda mpaka darajani, ambako mabati hayakufika, wanapokaa akina mama wa ndizi, mabinti na wakwe za wale niliowajua. Nilimwambia mama kwa simu, nikilalamika tu kama kawaida yangu. Asubuhi ya mkutano nilimkuta mlangoni kwangu, ameshuka kutoka Mwika na fimbo yake, amevaa gauni la ibadani.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa jengo jipya, mapazia yamefungwa ili picha zionekane ukutani. Bwana Ramani alishafariki. Aliyesimama mbele alikuwa kijana mchangamfu, kompyuta mkononi, ambaye pengine alikuwa hajazaliwa tulipohamishwa. Viti vilikuwa vingi na vizuri. Mama alitembea mpaka mstari wa mbele, akaegemea fimbo, akabaki wima. Kijana alimwamkia shikamoo, akamsogezea kiti yeye mwenyewe.

"Karibu ukae, bibi. Muda wa maswali utafika."

"Marahaba, mwanangu," mama alisema. "Nilishakaa."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni uzee. Kijana naye alitabasamu, akasubiri, kisha akaona muda unakwenda, akaanza kuonyesha mto wa buluu na watu wa nguo nyeupe. Nyuma walinong'ona wakimwomba mama akae, hawaoni. Hakukaa. Picha zilibadilika ukutani moja baada ya nyingine, na katikati ya kila moja palikuwa na kivuli cha kichwa chake.