Sweta la Miaka Kumi na Mmoja

Tak. Kimya kidogo. Kisha tak-tak, tak-tak-tak, halafu mlio mrefu wa kitu cha mviringo kinachobingirika mpaka kinagonga ukuta na kutulia. Mpaka leo nikifumba macho naisikia. Ilikuwa gololi. Aliyekulia Magomeni hawezi kukosea sauti ya gololi sakafuni, na hii ilikuwa inadunda juu ya vichwa vyetu, alasiri, mamdogo akikoroga chai na mimi nikitunga shanga.

Tatizo ni kwamba tulikaa ghorofa ya mwisho. Juu yetu hapakuwa na mtu. Palikuwa na paa la zege tu, na mlango wa kupandia huko ulikuwa na kufuli lililoota kutu mpaka ufunguo haungeweza kuingia.

Siku ya kwanza nilicheka. Mimi ni mtu wa kucheka, hata msibani nimewahi kufukuzwa jikoni kwa kucheka.

"Mamdogo, kumbe majini ya Kichina nayo yanacheza gololi!"

Yeye hakucheka. Aliinua uso, kijiko bado kimo kikombeni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kakosa," akasema taratibu. "Angeipata ya mwenzake ingelia vingine."

Nikaacha kucheka. Nilijua anamsema nani.

Mamdogo ni mdogo wake mama yangu. Alikuja Guangzhou, huku China, kununua nguo za jumla kwenye soko la Shisanhang na kuzisafirisha Dar, na mimi nilipoishia kidato cha pili akanichukua nimsaidie kufunga mizigo. Tulipanga chumba na sebule mtaa wa Dengfeng, kwenye jengo lenye duka la simu chini. Mwanawe, ndiye huyo mmoja tu, alimwacha nyumbani kwa bibi. Kwangu alikuwa mdogo wangu hasa, nilimbeba mgongoni. Alikuwa na miaka minane na gololi tele mfukoni, mpaka suruali zikawa zinamshuka. Akaugua homa. Haikumkawiza. Simu ilipokuja tulikuwa katikati ya marobota Shisanhang, wasukuma mikokoteni wanatupigia kelele tupishe. Mamdogo alisikiliza, akasema neno moja.

"Nisubirini."

Akalirudia. Nisubirini, nakata tiketi sasa hivi, nisubirini. Lakini kwetu maiti hasubirishwi, na hakuna ndege ya kukutoa huku ikakufikisha kule siku hiyohiyo. Wakamzika baada ya sala ya alasiri.

Basi mamdogo hakwenda. "Mzigo huu ukitoka nitakwenda," alisema. Mzigo ukatoka, ukaja mwingine. Miaka mitatu mizigo inatoka na yeye habanduki. Wala hakulia, tulilala chumba kimoja, ningesikia. Katika nyumba ile neno kufa halikutamkwa. Mdogo wangu aliitwa "yule". Na yule alikuwa anakula, anarefuka, anakosa gololi.

Ndoto zangu zilikuwa nyingi, sitadanganya. Duka langu la shanga lenye taa za rangi, mume mrefu, paka. Zote nilikuwa tayari kuziweka kando nipewe moja tu: mamdogo apande ndege, akalione kaburi la mwanawe. Niliona wazi kwamba asipokwenda atabaki anasikiliza dari mpaka azeeke.

Jirani wa chini, mama mmoja wa Kikongo, aliniambia zile ni hewa za mabomba ya maji, kila ghorofa mji huu inalia hivyo. Nikambebea mamdogo habari hiyo mbiombio. Akasema, "Sawa," na ilipolia tena akainua uso vilevile.

Starehe yake ilikuwa kushona kofia. Kofia za mkono, zile nyeupe za viua, vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi wa hariri kimoja baada ya kingine mpaka macho yanauma. Aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya yule, ya kuvaa sikukuu ya Idi. Duara la juu lilikwisha zamani. Ukanda wa kuzunguka kichwa ndio uliokuwa haukwishi. Kila ulipokaribia mwisho aliniita.

"Njoo hapa, binti. Inama."

Ananizungushia uzi kichwani, juu kidogo ya masikio. Nina kichwa kidogo, nimetaniwa tangu darasa la kwanza. Anapima, anakata uzi kwa meno, anautazama.

"Sasa atakuwa amefika hapa."

Na ule ukanda, kazi ya miezi, anaukunja anauweka kando, anaanza mwingine uliozidi kidogo. Mimi nabaki nimeinama, vidole vyake vya baridi bado viko masikioni mwangu. "Usitikisike," alikuwa akisema, kwa sauti ambayo hakuwa akinisemea mimi, na kweli nilihisi kuna mtu mwingine anapimwa ndani ya nywele zangu. Nikitoka hapo nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni, nihakikishe ni mimi.

Kisha joto likavunjika. Nyumbani vuli ni mvua. Guangzhou miezi hiyo ndiyo ya ukavu. Anga linatakata ghafla, midomo inapasuka, na miti haipukutishi majani kama kwenye picha za kalenda. Badala yake ipo miti yenye miiba kwenye shina, mikali kama meno ya papa, nayo inachanua maua tele ya rangi ya waridi, yanadondokea njiani unayakanyaga. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikimchosha kwa kutembea, nilifikiri, nikimpeleka mbali na dari ile, atarudi kuwa mtu.

"Tukatembee, Mamdogo. Utaota mizizi kwenye kiti hicho."

"Nitembee niende wapi? Huoni nina kazi?"

"Kazi nayo ije. Si inabebeka?"

"We mtoto una mdomo." Lakini akavaa baibui, akatia kofia kwenye mfuko wa nailoni.

Tulikwenda kwenye ziwa lililo karibu na mtaa wa Xiaobei. Watu wa pale hawatembei bure bure: mmoja anatembea kinyumenyume, mwingine anajipiga mapaja, mzee mmoja anaandika chini kwa maji na brashi kubwa kama ufagio, maandishi yanakauka kabla hajamaliza mstari. Mamdogo alisimama kumtazama yule mzee muda mrefu. Halafu akatafuta pa kukaa, akapata benchi lenye bibi mmoja wa Kichina anayefuma sufu. Akaketi, akatoa sindano yake. Wakatazamana mikono, si nyuso. Bibi akatikisa kichwa kuisifu kazi ya mwenzake. Basi, wakawa marafiki.

Bibi pale anaitwa popo. Mamdogo alipolisikia mara ya kwanza alinong'ona, "Astaghfirullah! Bibi wa watu wanamwita popo?" Nikacheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka, na popo mwenyewe akacheka bila kujua kwa nini.

Mkalimani nilikuwa mimi, na Kichina changu ni cha sokoni: bei gani, rangi gani, saizi gani, punguza laobani, yaani bosi. Siku ya pili au ya tatu popo aliuchukua ule ukanda, akaingiza ngumi ndani yake, akauliza ni wa nani.

"Wa mwanangu," mamdogo akaniambia.

Nikafasiri. Popo akauliza ana miaka mingapi. Nikamtazama mamdogo.

"Mwambie kumi na mmoja."

"Mamdogo..."

"Kwani hesabu hujui? Mwambie."

Nikamwambia. Kwa Kiswahili ningeshindwa, lakini Kichina kilinitoka kama ninavyotaja bei, laini kabisa, na hilo lenyewe likaniogopesha. Popo akafurahi. Mnene au mwembamba? Mamdogo akasimama, akaweka kiganja begani kwangu. "Mwembamba. Kanifuata mimi. Kimo chake hapa." Popo akapatazama pale begani, kisha pembeni yangu, kwa macho ya mtu anayemtazama mtoto aliyesimama. Mimi nikageuka. Nilijua hakuna mtu, lakini niligeuka.

Tangu hapo tulikwenda karibu kila alasiri isiyo na mzigo. Mamdogo alianza kula vizuri. Rangi ilimrudi. Alimhadithia popo habari za yule kwa mkupuo: hapendi maharage, analala na soksi moja, ameanza kuwa na aibu ya kuogeshwa. Nilifasiri nilichoweza, kingine nilikimeza. Njiani kurudi alitembea ameacha nafasi kati yangu na yeye, nafasi ya mtu mwembamba, na watu waliotokea mbele walipita kando yetu, hakuna aliyepita katikati. Nilikuwa nimemtoa nyumbani ili amwache yule darini, kumbe yule alishuka ngazi pamoja nasi.

Nilimwona popo akianza sufu mpya, ya buluu nzito. Sikuitilia maanani.

Siku moja upepo ulikuwa mkali kidogo, watu wametoa makoti mepesi. Popo alitungoja amesimama, ameshika mfuko wa plastiki. Akautoa mzigo wake, akaushika mabegani, akaukung'uta. Sweta. Sweta zima la mtoto wa kiume, kola imekaa, mikono miwili inaning'inia.

"Baridi inakuja," alisema, nikafasiri. "Avae. Halafu mpigeni picha, nami nimwone."

Mamdogo alilipokea kwa mikono miwili, kama wanavyopokea wao. Akasema asante kwa Kichina, neno analolijua. Hakuketi. Hakutoa sindano. Tuliondoka yeye mbele mimi nyuma, na safari hii hakuacha nafasi ya mtu.

Nyumbani alilitandika juu ya kitanda chake. Akanyoosha mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto. Mimi nilisimama mlangoni na nywele zimenisimama, maana kofia ni kichwa tu, unaweza kuivumilia. Hili lilikuwa na kifua. Lilikuwa limelala pale kama mtu. Mamdogo akaliinua mabegani, akalisimamisha mbele yake. Likamfika kifuani.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mamdogo, kaa kwanza..."

"Nakuuliza, huyu nani? Mwanangu hakuwa hivi." Akashika mkono wa sweta katikati, akaubana kwa vidole. "Mkono wake uliishia hapa. Hapa! Ya huku yote ni ya nani?"

Akaketi kitandani, akaanza kukunja. Akakunja mikono, mara moja, mara ya pili. Akakunja na pindo la chini. Akajaribu, akafumua, akakunja upya, mpaka likabaki fungu dogo, sawa na mtoto wa miaka minane, nami nikalijua lile umbo kwa sababu nilishawahi kulibeba mgongoni. Akalikumbatia.

"Hakuwahi kuwa mkubwa hivi, binti. Hakuwahi."

Kisha akalia. Sikujua mtu mzima anaweza kutoa sauti ile. Mama wa Kikongo alipanda ngazi mbio akidhani tumevamiwa, akatukuta sakafuni tumeshikana, akatuwekea maji ya kunywa, akaondoka. Kama kulikuwa na kitu kinadondoka juu jioni ile, sijui. Hakuna aliyesikiliza.

Giza lilipoingia akanawa uso. Macho yalikuwa yamevimba kama ameumwa na nyuki.

"Nikatie tiketi," akasema.

"Na mzigo?" nikauliza, mjinga mimi.

"Utafunga wewe. Kwani nilikuwa nakufundisha nini muda wote huu?"

Uwanja wa ndege alishika begi moja tu, yeye ambaye husafiri na marobota. "Sweta nakwenda nalo," aliniambia. "Najua Dar ni joto, usinicheke." Sikumcheka. Akanirekebisha mtandio kichwani, akakawia pale juu ya masikio, akaondoa mkono. "Na yule bibi, mwambie wewe. Mimi siwezi. Kafuma kwa mkono wake, nitaanzaje?"

Akanipigia siku ya pili akiwa makaburini, upepo unavuma ndani ya simu.

"Nimefika," akasema. Nikasikia anapumua. "Ni dogo."

Sikukata simu. Tulikaa hivyo mpaka salio lake likaisha.

Ziwani sikwenda siku kadhaa. Nilijisingizia kazi, na kweli kazi ilikuwepo. Lakini nilimwona popo kichwani mwangu akinyoosha shingo njiani kila akija mtu mweusi, akingoja picha. Hatimaye nikaiuliza simu jinsi ya kusema jambo lile kwa Kichina. Mwanamke wa ndani ya simu akalisema vizuri, bila haraka. Nikamfuatisha mara nyingi mpaka nikaliweza, na lilipokaa sawa mdomoni nikahisi vibaya, kama nimelipitisha mlango wa nyuma.

Nikaweka simu chini. Nikazima jiko pasiwe na sauti nyingine. Nikasimama pale jikoni, mikono imenyooka kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika chumbani:

"Mdogo wangu amekufa."

Nikataja na jina lake. Nikavuta kamasi, nikasema tena. Mara ya tatu nikasema kwa Kichina, kisha nikaenda kutafuta viatu.